Mafuta Juu ya Mstari

Mkaguzi wa magari alichungulia ndani ya boneti, akacheka. Mkaguzi akinuna bado kuna matumaini, unaweza kumbembeleza, unaweza hata kumlilia; lakini akicheka, ujue ameshaamua. Alikigonga kwa kalamu kikopo cheupe cha mafuta ya breki, kile kinachokaa nyuma ya injini upande wa dereva.

"Mama, haya mafuta mmeyaweka akiba ya njaa?"

Mama Dereva akainama kuangalia, ingawa alijua atakachokiona. Ubavuni mwa kikopo palikuwa na mistari miwili, wa chini na wa juu. Mafuta yalikuwa yameuacha mstari wa juu zamani, yamepanda mpaka kooni, yanagusa kifuniko.

"Yamezidi kidogo," akasema.

"Kidogo! Haya yakipata moto hayana pa kupanukia. Breki zitajikaza zenyewe, uanze kunuka moshi njiani. Na yakimwagika yanakula rangi." Akaandika kitu kwenye fomu. "Sikiliza. Taa nzuri, matairi mazuri, breki nimezijaribu mwenyewe na zinashika barabara. Gari lako halina ubaya wowote ila huu. Lakini fomu inasema mafuta yawe katikati ya mistari, na mimi siwezi kubishana na fomu. Yapunguze. Nafunga saa sita, na leo nikifunga nimefunga. Na usitoke kwenye foleni bila kuitwa. Dereva akitoka, namba yake imekufa."

Akapiga hatua mbili, akageuka. "Nani aliyejaza hivi lakini?"

Mama Dereva akajinyosha kutoka kwenye boneti. Aliyejaza alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mgongoni, kifua mbele, kama mgeni rasmi aliyealikwa kufungua yadi ya ukaguzi.

Huyo alikuwa mumewe. Mtaani walimwita Injinia, naye alilipokea jina hilo kwa mikono miwili bila kujiuliza kwa nini wanaolitamka huwa wanatazamana. Kazi aliyostaafu ilikuwa ukarani wa stoo ya karakana: miaka ishirini na sita ya kutoa spana dirishani na kuziandika daftarini. Spana alizijua zote kwa namba. Ambao hawakuwahi kukutana ana kwa ana ni yeye na nati. Mwezi uliopita taa ya breki ilipowaka, mkewe alisema pedi zimelika. Injinia akasema la hasha, kinachotakiwa ni mafuta, akanunua chupa nzima na kuimimina mpaka kikopo kikakataa. "Kitu nusunusu ni mkosi," alisema. Juzi fundi akafunga pedi mpya. Pedi mpya ni nene, kwa hiyo mafuta yaliyokuwa yameshuka kwenye magurudumu yalisukumwa yakarudi juu, na huko juu yakakuta nyumba imejaa. Fundi akataka kuyavuta palepale. Injinia akamzuia: kijikazi hicho atakifanya mwenyewe nyumbani, vifaa anavyo.

Vifaa kweli alikuwa navyo. Siku mbili alilipanga sanduku lake la chuma akalipangua, akapaka spana grisi, akazifuta. Mafuta hayakuguswa hata tone.

Na kuanzia kesho asubuhi, shule ilikuwa haitaki kuona mwanafunzi akishuka kwenye gari lisilo na stika ya ukaguzi ya mwaka huu. Mwalimu mkuu alisema mara moja na hakuwa mtu wa kusema mara mbili. Mama Dereva alikuwa na watoto sita wa kuwapeleka na kuwarudisha, na nyumba yao ilikula kwa watoto hao sita. Kiinua mgongo cha Injinia kilikwisha siku nyingi. Kilichobaki ni mgongo, nao ulikuwa hauinami.

*

Saa ya yadi ilisema saa nne na robo. Mama Dereva akarudi kukaa kwenye usukani, akamwita mumewe dirishani.

"Baba, hapo ng'ambo kuna duka la dawa. Nenda ukanunue bomba la sindano, lile kubwa kuliko yote. Jipya, kavu, bila sindano yenyewe. Na kipande cha mpira mwembamba wa kuchomeka mdomoni mwake. Tunavuta mafuta mara tatu, tunayatia kwenye chupa tupu, tumemaliza."

"Bomba la sindano," Injinia akarudia, taratibu, kama mtu aliyeambiwa avue suruali.

"Ndiyo."

"Gari lina malaria?"

Dereva wa teksi aliyekuwa mbele yao akasikia, akacheka, akashuka. Na foleni ikishachoka kusubiri, shauri la mtu mmoja huwa la wote. Dakika mbili hazijapita, wanaume wanne walikuwa wamekizunguka kikopo kile.

"Chukua mrija wa soda," akasema dereva wa teksi. "Unanyonya, ukiona yanakaribia mdomo unaziba kwa kidole."

"Na usipoona yanakaribia?" Mama Dereva akauliza.

"Unatema."

"Mimi natumia sponji," akasema mwenye pikapu. "Unachovya, unakamua. Unachovya, unakamua."

"Unachovya na vumbi lake na nyuzi zake."

Wa tatu alisema kuna kile kidude cha mpira cha kufyonzea kamasi za mtoto mchanga, mkewe anacho, ni kizuri sana. Wakamwuliza mkewe yuko wapi. Akasema kwao, wamegombana. Wa nne hakuwa na shauri, alikuja kuangalia tu.

Injinia aliwasikiliza wote kwa uvumilivu mkubwa, macho nusu wazi. Walipokwisha akakohoa. "Mabwana, nawashukuru. Lakini hapa mnaongelea mambo ya kienyeji. Karakana kubwa kuna mashine maalumu ya kufyonzea mafuta, ina geji, ina pampu. Mimi nimeitoa dirishani kwa mikono yangu hii."

"Sasa mashine hiyo iko hapa?" Mama Dereva akauliza.

"Haipo. Ndiyo maana nasema."

Mama Dereva akamtolea pesa kwenye pochi. Bomba lenyewe lilikuwa halifiki bei ya chai na andazi. "Baba watoto, nakuomba. Jipya na kavu. Hayo mafuta hayapatani na maji, na hayapatani na mafuta mengine yoyote, hata tone. Umenisikia?"

"Unanifundisha mimi?"

"Nakuomba wewe."

Injinia akaondoka kwa mwendo wa kikaguzi, akipita gari moja moja na kuyatingishia kichwa matairi ya watu. Mkewe akamfuata kwa macho mpaka getini. Alikuwa na shaka moyoni, lakini kutoka kwenye foleni hawezi, na mume ndiye huyohuyo, dukani hawauzi wengine.

*

Saa tano kasorobo hajarudi. Saa tano hajarudi. Teksi ikapita, pikapu ikapita, mwenye mke aliyekwenda kwao akafelishwa kwa taa na kwenda zake akinung'unika. Mama Dereva alikuwa anagonga vidole kwenye usukani. Saa tano na dakika kumi, kipaza sauti kikaita, "Namba kumi na saba, dirishani na kadi ya gari!" Hiyo ilikuwa namba yake. Akafunga mlango, akaenda.

Dirishani alimkuta karani anatafuta muhuri. Akafungua droo, akafunga droo, akauliza wenzake, akakumbuka kwamba wenzake wako likizo. Muhuri ulipatikana chini ya sahani. Ukawa mkavu. Karani akauhemea kwanza, haaa, haaa, akagonga mara tatu ndipo nusu ya duara ikatokea. "Inatosha," akasema, na Mama Dereva akarudi mbio huku amekunja gauni mkononi.

Akamkuta Injinia anafunga boneti. Anafunga polepole, kwa viganja viwili, kisha anajifuta mikono kwa leso na kuikunja leso mara nne.

"Tayari," akasema.

Mama Dereva akalifungua tena boneti. Kweli! Mafuta yalikuwa chini ya mstari wa juu, juu ya mstari wa chini, mahali pake hasa, na pembeni hakuna tone lililomwagika. Akapiga kofi moja la furaha. Aibu kidogo ikamwingia pia, kwamba alimdharau.

"Ahsante, mume wangu. Bomba liko wapi tulitunze?"

"Kazi imekwisha, unauliza jembe?"

"Ulilipata lakini?"

"Mama watoto, mkaguzi huyo anakuja. Ukianza maswali saa hii ataona hatujiamini."

Na mkaguzi alikuwa anakuja kweli, amebakiza gari tatu na tumbo tupu. Akainama, akaangalia mistari, akatia alama. Hakucheka. Akachana stika kwenye kitabu chake, ya duara, ya kijani, mgongo wake umefunikwa karatasi ya nta, akampa mkononi. "Bandika kwenye kioo cha mbele, kona ya kushoto. Safari njema na watoto wa watu, mama."

Injinia akampa mkono mkaguzi. Akautikisa mkono ule kwa muda mrefu, wa mtaalamu kwa mtaalamu.

*

Gari halijawashwa, akaja mwanamke mmoja kutoka getini anakimbia, aproni yake imejaa madoa, mwiko mkononi.

"Baba wee! Chupa yangu! Ulisema dakika mbili, mayai yananiungulia kule!"

Injinia akaanza kulichunguza tairi la gari la jirani.

"Chupa gani, dada?" Mama Dereva akauliza.

"Ile yangu ya kubinya, ya kudondoshea mafuta kwenye kikaango. Huyu baba amekaa kwangu karibu saa nzima, amekula mayai mawili, ananihadithia karakana. Halafu akaiona chupa, akasema hiyohiyo, ndicho kifaa. Akanimiminia mafuta yangu kwenye bakuli akaondoka nayo. Mimi nikadhani ni mkaguzi."

Mama Dereva akamgeukia mumewe. Hakupaza sauti. Ingekuwa heri angepaza.

"Pesa ya bomba?"

"Mayai," Injinia akasema.

"Chupa iko wapi?"

Ilikuwa nyuma ya gurudumu, imefungwa kwenye mfuko, mdomo wake mrefu mwembamba umechomoza, ndani ina mafuta ya breki ya kahawia mpaka nusu.

"Uliiosha?"

"Niliifuta."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa leso."

"Na ndani?"

"Mama watoto, mdomo wa chupa ile ni mwembamba. Leso itaingiaje ndani?"

"Uliibinya kwanza ndipo ukaichovya, au uliichovya ndipo ukaibinya?"

Injinia akafikiri. Kwa mara ya kwanza siku ile alifikiri kweli, na ilionekana usoni kwamba hakuyapenda aliyoyafikia. "Nilichovya. Nilipobinya yakatoka mapovu kidogo. Halafu ikavuta vizuri tu."

Mama Dereva akafungua boneti mara ya tatu, akakizungusha kifuniko cha kikopo akakiondoa. Jua la mchana lilikuwa linaingia moja kwa moja. Juu ya mafuta ya breki vilikuwa vinaelea vijiduara vya mafuta ya kukaangia, vikubwa kwa vidogo, vinang'aa, vimetulia kabisa kwenye makazi mapya.

Salaala! Asubuhi gari lilikuwa zima, stika hakuna. Sasa stika ipo, na gari ndilo lililokwenda.

Mwenye mayai akanyosha mkono kuchukua chupa yake. Mama Dereva akaizuia. "Hapana, dada yangu. Hii usiitumie tena, usimpikie mtu. Ni sumu hii." Akafungua pochi akamlipa chupa, na mafuta, na mayai yaliyoungua. Yule dada akaondoka akisema hajawahi kuona mkaguzi wa namba hiyo.

"Unakuza mambo," Injinia akasema alipoona wamebaki wawili. "Ni matone mangapi yale? Matatu. Manne. Mafuta ni mafuta."

"Ndani ya breki kuna raba, baba. Fundi amenionyesha, nikaona kwa macho yangu. Raba zile zinataka mafuta yao peke yake. Zikinywa mengine zinavimba, zinalainika kama mkate kwenye chai. Leo zitashika. Kesho labda zitashika. Siku zikikataa niko mteremko wa soko na watoto sita nyuma."

"Haziwezi kukataa. Mimi nakuhakikishia, kama mtaalamu."

"Unanihakikishia?"

"Kwa asilimia mia."

"Basi panda."

"Niende wapi?"

"Mteremko wa soko. Tunateremka kwa mwendo wetu wa kila siku, pale chini penye vibanda nakanyaga breki. Zikishika, kesho nawapakia watoto na nakuomba radhi mbele ya majirani. Panda, baba."

Injinia akaushika mkono wa mlango. Akauachia. Akautazama mguu wake wa kulia, kisha wa kushoto.

"Mimi nitatembea," akasema. "Daktari aliniambia nitembee."

"Daktari gani?"

"Wa zamani."

*

Msimwone Mama Dereva malaika. Alikaa kwenye usukani dakika nzima, stika mapajani, akiwaza mawazo ambayo mtu hawasimulii wenzake. Waliojua siri ni watatu: yeye, mumewe ambaye angekufa kabla ya kukiri, na muuza mayai mwenye shida zake. Matone manne. Angeweza kwenda polepole. Angeweza kumwona fundi Jumamosi. Unga nyumbani ulikuwa wa kesho na keshokutwa. Akamkumbuka yule mdogo wa darasa la kwanza anayekaa nyuma yake, anayeimba njia nzima wimbo mmoja na kuukosea palepale kila siku. Akashuka.

Mkaguzi alikuwa anafunua bakuli lake la chakula.

"Mheshimiwa, naomba unifelishe."

Kijiko kikasimama hewani. "Unasema?"

Akamweleza. Mkaguzi alisikiliza mpaka mwisho, tena kwa huruma, maana hakuwa mtu mbaya. Kisha akakivuta kitabu chake cha fomu, akakipekua mbele nyuma. "Mama, hapa nina fomu ya kupita. Nina fomu ya kufeli. Fomu ya aliyepita anayetaka kufeli sina. Stika imeshatoka, namba yake imeshaandikwa. Nikiifuta nitaulizwa niliilaje."

"Kwa hiyo kwenye kitabu chako gari langu ni zima?"

"Zima kabisa. Mpaka mwakani."

Mama Dereva akampigia simu mwalimu mkuu palepale, amesimama juani.

"Stika umepata, mama?"

"Nimepata, mwalimu."

"Hongera! Wengine wananisumbua mpaka sasa. Kesho saa moja kamili basi."

"Mwalimu, stika ninayo. Breki ndiyo sina."

Upande wa pili kalamu ikasikika inagonga meza. "Sasa mama, breki si mambo yako na fundi wako? Mimi kwenye faili langu natakiwa niwe na stika."

"Kesho sitawapandisha watoto garini."

"Hayo utasema na wazazi wao. Lakini wakipata mwingine usije kwangu kulia."

Gereji ya fundi ilikuwa nyuma ya ukuta wa yadi, umbali wa mita mia mbili hivi, na njia yake tambarare. Mama Dereva alishika usukani na hendibreki. Injinia alisukuma. Alisukuma kwa suruali yake ya pasi na viatu vya kung'aa, na wale waliokuwa wamemwona akiyatingishia kichwa matairi yao walishusha vioo kumtazama vizuri. Hakuna aliyemsaidia. Dereva wa teksi, aliyekuwa amepumzika kivulini, alimpa mrija wa soda.

Fundi alipoambiwa hakucheka wala hakukasirika. Alikaa kwenye tairi akakunja mikono. "Chupa ya kikaango," akasema. "Mama, hapa natoa raba zote, magurudumu manne, na masta silinda, ile pampu ya chini ya kikopo, naifungua. Mabomba nayasafisha yote, natia mafuta mapya. Siku nne. Na hii ingekuwa kazi ya bomba la sindano, dakika tano."

"Tusiangalie nyuma," akasema Injinia, akihema.

*

Jioni ile Mama Dereva alipita nyumba za wazazi wote, akawaambia ukweli bila kuutia sukari, ila jina la aliyeichovya chupa alilificha, maana mume ni nguo yako, hata ikichanika hutoki uchi. Gari ni bovu kwa siku nne. Anayemwamini, amtoe mtoto saa kumi na mbili badala ya saa moja; atawapeleka kwa miguu, amewashika mikono, na kuwarudisha. Wazazi wote walimsifu. Walisema watu wakweli kama yeye hawapo tena duniani. Wawili wao walimsifu zaidi ya wengine, mmoja machozi yakamlenga kabisa. Na ndio hao wawili waliowapandisha watoto wao kesho yake kwenye gari la mtu mwingine, lenye stika. Akabaki na wanne. Usiku hakuzungumza na mumewe ila neno moja tu: "Saa kumi na mbili."

"Mimi niende kufanya nini?"

"Mabegi."

Asubuhi mtaa mzima uliwaona. Mbele Mama Dereva, mtoto huku na mtoto huku, wawili wengine wameshikana nyuma yake, yule wa darasa la kwanza anaimba na kukosea. Nyuma kabisa Injinia: begi moja mgongoni, moja kifuani, moja kila bega, na chupa za maji zinamgonga magotini. Watoto wa siku hizi wanabeba vitabu utadhani wanahama.

"Injinia!" jirani akaita kutoka kibarazani. "Gari limefanyaje?"

Injinia akasimama, akavuta pumzi, uso ukachangamka. "Unajua, kuna jambo la kitaalamu kuhusu mafuta ya..."

"Tembea, baba," Mama Dereva akasema bila kugeuka.

Akatembea.

Mteremko wa soko waliushuka pole pole. Pale chini penye vibanda wanawake wawili walikuwa wanapanga nyanya katikati ya njia, mmoja amempakata mtoto. Mama Dereva akapaangalia mahali pale, akazikaza mikono ya watoto mpaka wakalalamika kwamba anawaumiza. Kwa mara ya kwanza tangu jana alisikia moyo wake umetulia. Alikuwa na hasira bado, hasira nyingi, lakini zilikuwa hasira za mtu ambaye hajaua.

Getini pa shule walifika saa moja kasoro dakika tano. Mlinzi, mwenye kofia mpya na amri mpya, akawanyoshea kiganja.

"Stika."

"Tumekuja kwa miguu, kaka."

"Naona. Lakini nimeambiwa kuanzia leo yeyote anayeleta wanafunzi aonyeshe stika ya mwaka huu. Sikuambiwa wa miguu wapite bure."

"Stika ya nini sasa, ya viatu?"

"Mama, mimi si mwalimu mkuu. Stika hakuna, geti hakuna."

Kengele ikaanza kugongwa ndani. Watoto wakamtazama. Nyuma yao gari lilikuwa linapiga honi, na kwenye dirisha lake vilionekana vichwa viwili anavyovijua vizuri. Mama Dereva akafungua pochi, akaitoa ile stika ya kijani, akaibandua karatasi ya nta mgongoni. Akamgeukia mumewe, akalisogeza pembeni begi la kifuani, na akaibandika stika kwenye shati lake, upande wa kushoto. Akaipiga kwa kiganja mara mbili ishike.

Injinia akainamisha kidevu kuisoma.

Mlinzi akainama. Akaisoma tarehe, akaisoma namba, akaisugua kwa kidole gumba kuhakikisha si ya kughushi. Kisha akafungua geti.

"Sawa, pitisha watoto," akasema. "Yeye abaki hapo nje. Ndani magari hayaruhusiwi."